Picha ya Moyo Haiulizi Kazi Yako

Alikuja jioni moja akiwa na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Ni mtu wa hapa hapa Kikula, amenizidi miaka kama kumi, ndiyo maana namwita yaya. Mwanawe alikuwa amejinyima akampeleka Afrika Kusini kupimwa moyo, na sasa walikuwa wamerudi kwetu Likasi, hapa Kongo, na matokeo: diski moja na karatasi mbili za Kiingereza. Mimi ni muuguzi, na muuguzi wa mtaani hudhaniwa kujua lugha zote za hospitali. Tukaiingiza diski kwenye kompyuta ya kijana wangu. Moyo ukatokea kwenye kioo, wa kijivu, ukijikunja na kujikunjua bila sauti. Watoto wakasogea. Mke wa yaya akauliza, "Ndio wenyewe huo?" Nikamjibu ndio wenyewe, na nikaona fahari ya kijinga, kana kwamba nimeutengeneza mimi.

Karatasi ilisema moyo umetanuka na unasukuma damu kwa udhaifu. Ilisema kuna dalili zinazoweza kuwa za uvimbe wa msuli wa moyo, ugonjwa ambao madaktari huuita miokaditisi. Halafu ikasema matokeo haya yasomwe pamoja na historia ya mgonjwa. Sentensi hiyo ya mwisho niliiruka. Niliipita kama mtu anavyopita "wasalaam" mwishoni mwa barua.

Na si mara yangu ya kwanza kuruka. Kabla ya safari ile, yaya alikuwa amepita mikononi mwangu, kwenye kituo ambacho sikitaji, akilalamika uchovu na pumzi fupi. Mara ya kwanza niliandika malaria. Mara ya pili niliandika malaria na taifodi, kama tulivyozoea. Alikuwa ameniambia kwamba siku hizi analala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali anahisi kama anazama. Viatu vyake alikuwa amevikata kwa nyuma ili miguu iingie. Niliviona viatu hivyo. Nikadhani ni umaskini.

Kwa hiyo kisa nitakachosimulia sikisimulii kama mwalimu. Nakisimulia kama mtu aliyekutana nacho akajiona ndani yake.

Mwezi wa Mei 2012, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, alipokelewa mwanamume wa miaka 55 ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Pumzi ilimkata hata akiwa amekaa. Wengi walidhani mishipa inayoulisha moyo imeziba, kama ilivyo kawaida kwa mtu wa umri ule. Ikachunguzwa, ikakutwa haikuziba. Alikuwa pia na homa isiyojulikana chanzo. Tezi yake ya shingo ilikuwa imelegea katika kazi yake. Koo la chakula lilikuwa limevimba. Masikio yalikuwa yanaziba kidogo kidogo, na macho yalikuwa yanapoteza nuru.

Hebu tusimame hapo. Moyo, tezi, masikio, macho, homa. Kila kimoja kina daktari wake, na kila daktari ana chumba chake na mashine yake. Wa moyo huona moyo, wa masikio huona sikio. Mgonjwa anazunguka korido akiwa amebeba kitu kimoja, lakini kila mlango unakipa jina lingine. Dalili za hatari zilikuwepo zote, tena kwa wingi. Hazikuwa zimewekwa juu ya meza moja.

Aliyeziweka juu ya meza moja ni Profesa Jürgen Schäfer na wenzake. Naye amesema wazi jinsi alivyokumbuka: alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa kutumia tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu daktari mkorofi aitwaye House, na katika sehemu moja ya tamthilia hiyo kuna mama anayetiwa sumu na nyonga yake ya bandia. Wakaangalia historia ya mgonjwa wao. Novemba 2010 nyonga yake ya kauri ilikuwa imevunjika, akawekewa nyingine yenye chuma. Vipande vidogo vya kauri vilivyobaki ndani vilikuwa vinaisaga ile ya chuma kila alipopiga hatua, na unga wake ukawa unaingia kwenye damu. Walipopima damu, wakakuta madini ya kobalti, maelfu ya nanomoli kwa lita, wakati kwa mtu wa kawaida hazifiki hata 15.

Kobalti! Moyo wa mtu wa Ujerumani unauawa na kitu ambacho sisi tunakipakia kwenye malori kila siku.

Nyonga ile ikatolewa, akawekewa ya kauri, na kobalti ikaanza kushuka. Miezi 14 baadaye moyo wake ulikuwa unasukuma nje asilimia 40 ya damu ya chumba chake kila unapopiga. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu, kwa hiyo hakupona kabisa, lakini alikuwa ametoka kaburini. Masikio na macho yalirudi kidogo tu. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la *The Lancet* mwaka 2014, na watu wengi walikicheka kwa sababu ya ile tamthilia. Mimi sikucheka. Miezi 18 mtu alikuwa na jibu ndani ya paja lake.

Sasa turudi kwenye picha ya moyo wa yaya. Huku kwetu tumezoea kuiita IRM, kwa Kifaransa, na nimesikia watu wakiisema kama watu wasemavyo jina la nabii. Ni mashine nzuri kweli. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, na sumaku yake kubwa hucheza na chembe za hidrojeni zilizomo ndani ya maji hayo, kisha hugeuza miitikio yao kuwa picha. Mgonjwa hulala ndani ya handaki lenye kelele, anaambiwa vuta pumzi, ishike, achia, mara nyingi, kwa muda unaokaribia saa nzima. Katikati hudungwa dawa ya gadolini mkononi. Dakika kama kumi baadaye gadolini imeshatoka kwenye nyama nzima ya moyo, lakini pale penye kovu au seli zilizokufa inakawia, na panang'aa meupe.

Mahali pa weupe huo pana maana yake. Ukuta wa moyo una upande wa ndani na upande wa nje. Mshipa ukiziba, kovu huanzia ndani. Uvimbe wa virusi mara nyingi hushika upande wa nje au katikati ya ukuta. Wataalamu walikutana Lake Louise, Kanada, wakatengeneza vigezo vya kusoma uvimbe huo, vikachapishwa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018. Kwa lugha ya nyumbani, wanatafuta mambo mawili: maji ya uvimbe ndani ya nyama, na jeraha. Yakionekana yote mawili, nguvu ya neno "uvimbe" inakuwa kubwa. Likionekana moja, ni la kusitasita. Tena maji hukauka. Ukipigwa picha baada ya miezi, unaweza kukuta kovu peke yake, kama mtu anayefika msibani watu wameshatawanyika.

Lakini picha haina jina la aliyeleta msiba. Moyo uliotiwa sumu ya kobalti hutanuka, hulegea, waweza kuwa na makovu na maji kuuzunguka, na hauna saini yake. Ukiangalia kwenye kioo bila kuuliza chochote, utaandika miokaditisi na usione haya. Tena sumu hiyo huharibu seli za moyo bila ule uvimbe wa kweli wa virusi, kwa hiyo jina lenyewe linakupeleka njia nyingine na matibabu mengine, na chanzo kinaendelea kuingia.

Wapo watakaosema hayo ni makosa ya wasio na mashine za kisasa. Hapana. Wakati wa korona, chuo kikuu cha Ohio State huko Marekani kilipiga picha za sumaku wanamichezo 26 waliopona, na 4 wakaonekana na dalili za uvimbe wa moyo. Habari zikaenea, wazazi wakaogopa, watu wakahesabu vijana wangapi wataanguka uwanjani. Mwaka 2021 ikatoka hesabu ya vyuo 13 vya ligi ya michezo ambamo Ohio State hucheza, wanamichezo 1,597: waliokutwa na uvimbe ni 37, yaani asilimia 2.3. Kinachonishtua si wastani huo. Ni kwamba kuna chuo kilichokuta asilimia 0 na kingine kikakuta asilimia 7.6. Ugonjwa ni mmoja, vijana ni wa rika moja. Kilichotofautiana ni namna vyuo vilivyopima na vilivyochagua nani apigwe picha. Na kati ya wale 37, waliokuwa na dalili za kuonekana hospitalini ni 9 tu. Wengi wa waliobaki, picha peke yake ndiyo iliyosema ni wagonjwa. Waliporudishwa kwenye mashine 27 kati yao, maji ya uvimbe yalikuwa yamekauka kwa wote.

Basi picha inaweza kumtia hofu mzima, na inaweza kumpa mgonjwa jina lisilo lake. Haifanyi hivyo kwa ubaya. Tunailazimisha kujibu swali ambalo hatukumuuliza mwenye moyo.

Kobalti na moyo, kwa kweli, walishakutana zamani kabla ya sumaku, na kisa hicho ndicho kinachoniuma zaidi kwa sababu waliokufa ni walevi, na mlevi akifa hakuna anayeuliza mara mbili. Agosti 1965, katika jiji la Québec, Kanada, wanaume walianza kuja hospitalini wakihema, nyuso zao za rangi ya zambarau, mioyo imevimba. Wote walikuwa wanywaji wakubwa wa bia. Mpaka Aprili 1966 walifika karibu 50, na 20 kati yao walikufa. Jibu la haraka lilikuwa mdomoni: pombe. Wengine wakafikiria beriberi, ukosefu wa vitamini kwa watu wanaokunywa badala ya kula. Maelezo hayo yalitosha kwa mtu asiyetaka kuchoka.

Daktari Yves Morin na wenzake hawakuridhika. Watu wa Québec walikuwa wakinywa miaka yote. Kwa nini wafe mwaka huu? Kilichobadilika ni nini? Ni swali la mama wa nyumbani anayekuta mboga imechacha. Wakafuata bia. Wakakuta kiwanda cha Dow, kuanzia Julai 1965, mwezi mmoja tu kabla ya mgonjwa wa kwanza, kilikuwa kinatia chumvi ya kobalti ili povu lisianguke. Povu lilikuwa linaanguka kwa sababu baa zilianza kuosha bilauri kwa sabuni mpya za viwandani, na mabaki ya sabuni yanaua povu. Yaani watu 20 walikufa ili bilauri ya bia iendelee kupendeza. Kiwanda kiliacha, kikamwaga bia yake, na ugonjwa ukakoma.

Kulikuwa na alama nyingine, na hii naitaja kwa ajili ya wenzangu wa fani. Waliopasua maiti waliona tezi za shingo zimebadilika, sawa na zile za watoto waliowahi kutibiwa upungufu wa damu kwa kobalti. Moyo na tezi, pamoja. Miaka 46 baadaye yule mtu wa Marburg aliingia hospitalini na moyo na tezi, pamoja, na haikukumbukwa mpaka televisheni ilipokumbusha.

Jambo lingine la Québec ni gumu, na silifichi. Wagonjwa wale wa upungufu wa damu walikuwa wakimeza kobalti nyingi kuliko waliyokunywa walevi wa bia, na mioyo yao haikuanguka hivyo. Kwa hiyo kobalti haikufanya kazi peke yake. Ilikuta mwili uliokwisha kudhoofishwa na pombe na njaa ya nyama na maharage. Magonjwa kama hayo yalitokea pia Omaha, Marekani, na Leuven, Ubelgiji, kwa wanywaji wa bia yenye kobalti.

Leuven! Watafiti wa chuo kikuu cha mji huo huo, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Lubumbashi chini ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, ndio waliokuja baadaye kupima mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Matokeo ya mwaka 2009 yalisema kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya Kasulo, Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba ndani ya viwanja vya nyumba zao. Watoto ndio waliozidi.

Sisemi kila moyo mgonjwa wa Likasi ni kobalti. Kusema hivyo ni kurudia kosa la "pombe" kwa jina jipya. Wafanyakazi wa viwanda vya kobalti wamechunguzwa: Kokkola, Finland, mabadiliko madogo katika ulegeaji wa moyo yalionekana mwaka 2004, lakini uchunguzi wa Ubelgiji uliofuata haukuona madhara ya namna hiyo. Presha inaua mioyo yetu, uzazi unadhoofisha mioyo ya mama zetu, virusi vya mafua vinaingia moyoni. Ninachosema ni kwamba mji huu ulikuwa Jadotville, kiwanda cha Shituru kimewaka tangu 1929, na bado daktari au muuguzi wa hapa anaweza kumtibu mtu mwezi mzima bila kumuuliza amefanya kazi gani. Mimi nilimtibu yaya hivyo.

Ndugu yangu unayesoma, ukiwa mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Sema ulipofanya kazi, sema unachokunywa, sema kama una chuma mwilini, sema masikio, sema macho, hata kama umekuja kwa ajili ya kifua. Homa ikipita kisha kifua kikauma, moyo ukaenda mbio ukiwa umekaa, miguu ikavimba, usikubali malaria ya tatu kabla hujapimwa damu na kusikilizwa moyo. Nasi wa koti jeupe, tuache kuona aibu ya kuuliza maswali ya kijijini.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa yaya nikiwa na ile bahasha. Nikamuuliza kule Afrika Kusini walimuuliza nini kabla ya kumwingiza kwenye sumaku. Akacheka. Walimuuliza, akasema, kama aliwahi kuchomelea vyuma au kusaga vyuma. Aliwaambia ndiyo, miaka mingi. Basi wakampiga kwanza picha ya macho, maana chembe ya chuma ikiwa imejificha jichoni, sumaku inaweza kuisogeza ikampofusha. Nikakaa kimya. Watu wa mashine walikuwa wameuliza kazi yake kwa dakika moja ili kulinda picha. Mimi nilikaa naye miaka.

Nikageuza bahasha upande usio na maandishi, nikachukua kalamu. Nikamwambia, yaya, tuanze mwanzo, ulipoacha shule. Akaanza. Karakana ya kuchomelea, miaka saba. Mchangani, yaani machimboni, na mifuko begani. Halafu kuosha mawe mtoni, na kulala kule kule. Nikaandika mwaka kando ya kila kazi. "Na lutuku, utaandika?" akauliza. Nikamwambia pombe hiyo naandika, na bukari, huo ugali wetu usio na mboga, naandika.

Mkewe alikuwa mlangoni anachambua matembele. Bila kuinua kichwa akasema, "Andika na yale mawe aliyokuwa anaoshea hapa uani, kwenye beseni la watoto."